Kofi Nyuma ya Pazia

Kofi lilisikika mara moja tu, kavu, kama ubao unaopasuka kwa jua. Baba alikuwa ameketi katika rakaa ya tatu ya sala ya alasiri, akidhani amefika mwisho. Alitulia kidogo. Hakugeuka. Kisha akasema takbiri, akajiinua kwa mikono yake miwili, akasimama kuikamilisha rakaa ya nne. Nyuma ya pazia nikasikia nguo za mama zikisugua sakafu, naye akisimama pamoja naye.

Mimi nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

Imamu akisahau, mwanamume aliye nyuma yake humzindua kwa kusema Subhanallah. Mwanamke hasemi. Hupiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kujifunga vifungo vya shati, nami nikalihifadhi jambo hilo pamoja na mengine mengi ambayo mtu huyahifadhi asiyatumie. Sikudhani kwamba ningekuja kukaa katika nyumba ambamo kofi hilo lilikuwa neno pekee ambalo mke aliweza kumwambia mumewe naye akalisikia.

Baba alikuwa kadhi. Alihukumu kwa muda mrefu kuliko niliofundisha mimi, na mimi nilifundisha hadi wanafunzi wangu wakaniletea wajukuu wao. Waliniita Rula, wakidhani sijui. Nilijua, na sikuona tusi ndani yake. Mstari ulionyooka haumdhulumu mtu.

Ni yeye aliyenipeleka shule ya misheni. Majirani walimsema sana: kadhi mzima anampeleka mwanawe kwa mapadri! Hakuwajibu. Siku ya kunifikisha alisimama nami kwenye lango, sanduku langu likiwa kati yetu, akaniambia, "Hawa watakuuliza unaamini nini. Kwetu huulizwa kwanza umefanya nini, na umekifanyaje. Siku ya mwisho tutaulizwa yote mawili. Sijui litakalotangulia."

"Na nikikosea jibu, baba?"

"Utachapwa. Nyumbani pia ungechapwa. Haya, ingia."

Watawa wa shule ile walinifundisha sarufi, kutandika kitanda pasipo kikunjo, na kupigilia msumari bila kuupinda. Imani yao sikuichukua, wala yangu hawakuipokonya. Lakini walinitia mazoea ya kutaka kila kitu kiwe mahali pake, na nilirudi nyumbani nikiwa na mazoea hayo, nikamkuta baba anayo tayari.

Maradhi yake yalianza na majina. Baada ya majina zikaondoka nyuso, kisha miaka, mmoja mmoja, kama wageni wanaoaga kwa adabu. Vilivyobaki ni vitu viwili. Cha kwanza ni ibada: hakuwahi kukosea utaratibu wa udhu, uso kabla ya mikono, mikono kabla ya kichwa, maji yakifika hata pale ambapo wazima tunapasahau. Cha pili ni sheria. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamwuliza juu ya mirathi ya bibi na binti, akakugawia mafungu sawasawa. Ila asingejua wewe ni nani.

Asubuhi moja alikuwa ameketi sebuleni katika kiti chake, kofia kichwani, mama akaingia na buli la chai. Mimi sikuwapo. Haya alinisimulia mama mwenyewe, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mzaha ndio aliokuwa nao mwingi.

"Karibu, bibi. Kaa kitako," baba alimwambia, kwa sauti ile ya baraza. "Shida yako nini?"

Mama alikuwa amechoka. Alikuwa ameamka naye alfajiri na kumvalisha shati ambalo alilivua mara tatu. Akaweka buli mezani, akaketi alikoonyeshwa.

"Shida yangu, Kadhi, mume wangu amepotea."

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Siku yenyewe sikuishika."

"Amekuachia matumizi?"

"Ameniachia nyumba na buli hili."

"Umemtafuta?"

"Kila siku. Namwita, haitiki."

Baba alifunga macho, kama alivyozoea kufanya alipopima maneno. Akamwuliza, "Sasa unaliomba baraza nini?"

Hapo ndipo mama alipoteleza, kwa neno moja. Hakuwa akiomba hukumu. Alikuwa akisema na Mungu, au na buli.

"Nipumzishe, Kadhi," alisema.

Neno hilo wanawake wengi walikuwa wamelitamka mbele yake, na lilikuwa na maana moja tu. Baba aliinua mkono. Akasema kwamba kwa kuwa mume hayupo, na akiitwa haitiki, ndoa hiyo ameivunja, bibi akakae eda, shauri limefungwa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akammiminia chai. Baba hakukipokea kikombe.

"Bibi, toka sasa," alimwambia kwa upole. "Si vizuri mimi na wewe kuwa peke yetu humu ndani."

Alisahau chakula kinywa kikiwa bado na mafuta. Alisahau kwamba ana watoto. Hukumu ile hakuisahau hata siku moja.

Tangu hapo hakukubali mama amwogeshe, wala amshike mkono kuelekea msalani. Alipomkuta kitandani alitoka, akalala kitini, miguu ikavimba. Mama akimletea sahani aliuliza kwanza kama kuna ndugu yeyote wa bibi ndani ya nyumba. Akiambiwa hakuna, aliisukuma sahani pembeni. Alikuwa anakonda. Mama ndipo alipotuita, mimi na mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mwalimu wa dini. Mtaani wanamwita Haijuzu, kwa kuwa ukimsalimia tu umeshavunja jambo fulani. Alikuja na vitabu vitatu, lakini hakuvifungua. Alihesabu kwa vidole.

"Hukumu hii haina nguvu, mama. Baba amestaafu, hana mamlaka. Akili yake imeondoka, kalamu imeinuliwa juu yake. Na kadhi hahukumu katika shauri lake mwenyewe. Wewe ni mke wake kwa sheria, pasipo chembe ya shaka."

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Sasa nenda kamwambie yeye."

"Mbele ya Mungu, mama..."

"Mbele ya Mungu mimi ni mkewe. Nakubali. Lakini anayekataa chakula si Mungu."

Nilimwuliza ndugu yangu swali ambalo nilidhani lina jibu. "Ikiwa kalamu imeinuliwa, na wala haandikiwi kosa, anaogopa nini?"

"Kalamu ndiyo iliyoinuliwa, kaka," alisema. "Hofu imebaki."

Tuliingia kwa baba sote watatu. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza somo: huyu ni mkeo, ulimwoa kabla hatujazaliwa, mume unayedhani amepotea ni wewe. Alinisikiliza kwa heshima yote. Kisha akauliza, "Una mashahidi?"

"Mimi hapa, na huyu hapa."

"Ninyi ni nani kwake?"

"Ni mama yetu."

Baba akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona jicho lake likiwaka. "Ushahidi wa wana kwa faida ya mama yao haukubaliki. Mnalijua hilo. Kama hamlijui, kamwulizeni aliyewasomesha."

Haijuzu alitazama sakafu. Lilikuwa jibu sahihi.

Ndugu yangu akapendekeza mama ahamie kwa dada yetu, tumwajiri mwanamume wa kumtunza baba. Hilo ndilo tulilokuwa tukiliogopa, na sote tulilijua: nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao angetolewa. Mama hakubishana. Alizungumza na kiti alichokalia baba.

"Kadhi, mwanamke aliye katika eda hukaa wapi?"

"Katika nyumba aliyokuwamo na mumewe," baba alijibu mara moja. "Hatolewi."

"Mmesikia?" mama alituambia.

Tulisikia. Lakini baba alikuwa ameshainuka. Alikuwa anakunja mswala wake. Alipouona mlango wa nje aliuelekea, polepole, akishika ukuta. Ikiwa nyumba ni ya bibi na eda ya bibi, alisema, basi mgeni ni yeye, naye amekaa kupita kiasi. Mungu amsamehe, ataondoka kabla jua halijapanda. Mama alisimama mbele ya mlango, akiwa na upawa mkononi, asithubutu kumgusa.

Tuliafikiana kwa masharti yake. Ndugu wa bibi awepo nyumbani muda wote. Chumba kigawanywe kwa pazia. Mimi nilikuwa nimestaafu na mke wangu alikwisha kufariki. Nikachukua sanduku langu nikahamia. Nilitandaza waya kutoka ukuta hadi ukuta, nikatundika pazia la kitambaa kizito cha kijivu. Nilipima kila upande mara mbili. Baba alikuja akalikagua, akapitisha kidole kwenye pindo la chini lililokuwa sambamba na sakafu.

"Limenyooka," alisema. "Mungu akulipe, fundi."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuisifu kazi ya mikono yangu. Nilimwambia amina, nikaenda kukusanya misumari.

Eda ilikwisha. Siku hiyo mama alivaa vizuri. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshinda juma zima akizunguka na vitabu vyake, alikuwa amekuja na wazo ambalo lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mwingine. Mama aolewe upya. Kwa sheria jambo hilo halingeongeza kitu wala kupunguza. Mke haolewi na mumewe. Lakini baba angetulia.

"Inajuzu?" nilimwuliza.

"Usiniulize leo," alijibu.

Mama hakutaka posa ipelekwe na mtu. Aliketi upande wake wa pazia, akasema mwenyewe.

"Kadhi, eda yangu imekwisha."

"Alhamdulillahi. Sasa u huru, bibi. Una mchumba?"

"Ninaye ninayemtaka. Ila yeye mwenyewe hana habari."

"Ni mtu wa dini?"

"Mno. Amenichosha kwa dini."

Baba alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho. "Ni nani huyo?"

"Wewe."

Kupitia pembe ya pazia nilimwona baba akirekebisha kofia yake, ingawa ilikuwa sawa. Aliposema, hakusema kama kadhi.

"Umeniheshimu, bibi. Lakini mimi ndiye niliyeivunja ndoa yako. Nikikuoa, watu watasema nilibomoa ili nijenge. Tena hata bila hilo, mimi ninaye mke."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Atarudi."

"Sheria inaruhusu wake wanne," mama alisema.

"Sheria inaruhusu," baba alijibu. "Mimi sitaki mwingine."

Ndugu yangu alitoka nje akasimama uani, akitazama kamba ya kuanikia nguo. Mama alikwenda jikoni. Nilimkuta anaosha kikombe kilichokuwa safi. Alikiosha ndani, akakiosha nje, akakipindua, akakiosha tena. Nilingoja aseme. Mwishowe akakifunika juu ya meza.

"Basi," alisema. "Nimeshindwa na mimi mwenyewe."

Nilijua kwamba lilikuwa la kuchekesha na la kulilia. Sikucheka wala sikulia. Siku zile kifua changu kilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, wauona, ukiukanyagia husikii kitu.

Ni baada ya hapo mama alipoanza kuswali nyuma yake. Hakuomba ruhusa. Baba alikuwa akikimu sala upande wake, peke yake, akisomea ukuta. Siku moja mama akatandika mswala upande wake na kumfuata. Kofi nililolisikia kutoka mlangoni, kiatu mkononi, lilikuwa la kwanza.

Sala ilipomalizika siku hiyo, baba aligeuza uso kidogo kuelekea pazia.

"Aliyepiga kofi, Mungu amlipe."

"Amina," mama alisema.

"Kumbe nina maamuma anayenifuata."

"Unaye, Kadhi."

Toka siku hiyo alianza kumngoja. Hakutoa takbiri mpaka asikie mama amekohoa kidogo upande wa pili. Aliinua sauti kuliko sheria inavyotaka, hata katika sala ambazo husomwa kimyakimya, ili maamuma asikie kila hatua. Na akisahau, kofi lilimrudisha. Mara nyingine alihitaji kofi katika kila rakaa. Hakukasirika. Mtu aliyekataa mkono wa mama kwa miezi mingi alikubali kuongozwa na mlio wa mikono yake, naye mama alikubali kuongozwa na mtu ambaye hakujua aendako. Wakirukuu, walirukuu pamoja. Wakisujudu, vichwa vyao viliangukia sakafu moja.

Haijuzu hakuweza kunyamaza daima. Alimngojea mama jikoni.

"Mama, nisamehe, lakini haijuzu kumfuata imamu asiye na akili timamu. Sala yako haisihi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekaa na kadhi maisha yangu yote, mtoto wewe, unadhani nilikuwa napika tu? Nikimaliza naye, naenda chumbani naswali tena peke yangu. Ile ya pili ndiyo ya sheria."

"Na ya kwanza?"

Mama alimkabidhi sahani. "Mpelekee baba yako. Mwambie ndugu wa bibi yupo."

Mdogo wangu alisimama na sahani ile mikononi mpaka mvuke ukakoma. Kisha akaipeleka. Sijui yaliyompitia moyoni. Najua tu kwamba baadaye, alipowakuta katika sala, alikuwa akikaa barazani kwa utulivu mpaka wamalize, wala hakulitaja tena jambo hilo.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, sala ya adhuhuri. Nilikuwa barazani nikirekebisha bawaba ya dirisha. Niliisikia sauti ya baba ikitoa takbiri, ikarukuu, ikasujudu, ikainuka. Nikasikia kofi. Sikushangaa. Nikaendelea na bisibisi yangu.

Kofi likalia tena.

Safari hii hakuna takbiri iliyofuata. Niliweka bisibisi chini, lakini sikuingia. Nilisikia nguo za mama zikisugua sakafu naye akisimama peke yake. Nikasikia mnong'ono wa kisomo, kisha goti likigusa mkeka, kisha kimya cha kusujudu, kisha salamu: kulia, na kushoto. Ndipo pazia likavutwa.

"Njoo," aliniambia.

Baba alikuwa ameketi mkao wa tahiyatu, bega likiegemea ukuta, mikono juu ya mapaja. Ungedhani anangoja.

"Nilipiga mara mbili," mama alisema. "Ilibaki rakaa moja. Nimeimaliza."

Nilimlaza, nikamfumba macho. Sikulia. Nilitazama juu, nikaona waya wa pazia umelegea upande wa kushoto, nikajilaumu kwa kutoukaza mapema.

Ndugu yangu alifika upesi. Alimbusu baba kwenye kipaji cha uso, kisha, kwa sababu kila mtu huomboleza kwa lugha aliyo nayo, akamwuliza mama taratibu kama amekwisha kuirudia adhuhuri yake.

"Hii siirudii," mama alisema.

Nilidhani ndugu yangu atasema neno lake, haijuzu. Hakulisema.

Maiti huoshwa kwa sitara. Nililishusha lile pazia kutoka kwenye waya, nikalifunga upya kuzunguka kitanda cha kuoshea, na nilipomaliza mama akanyanyua pindo lake akaingia ndani. Ndugu yangu alimfuata kwa macho.

"Mama, sheria inakuruhusu," alimwambia. "Mke humwosha mumewe."

"Sikukuuliza," mama alijibu.

Tukawa watatu ndani ya kitambaa kile cha kijivu. Mimi nilishika ndoo. Mdogo wangu alimkabidhi mama kitambaa cha kuzungushia mkono, kama vitabu vyake vinavyoagiza, ili ngozi ya mke isikutane na ngozi ya mume udhu ukatenguka. Mama alikipokea, akakizungusha mkononi vizuri. Alianza upande wa kulia, kwa utaratibu: uso, mkono, kichwa. Hakukosea popote. Maji yalishuka, yakaingia mferejini, yakatoka nje uani.

Alipofika kifuani alisita. Akakifungua kile kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, akakikamua, akakiweka ukingoni mwa kitanda. Kisha akaweka kiganja chake kitupu juu ya kifua cha baba, akakiacha hapo.

Ndugu yangu alifungua kinywa. Akakifunga.

Mimi nikainamisha ndoo, nikamwongezea mama maji.